Saa Kumi ya Injinia

Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya Sanya Juu imeniingia mpaka magotini, na roho yangu mbaya.

Bosi wetu anapenda kuitwa Injinia. Aisee. Injinia anayeamini ruta, kile kisanduku cha intaneti, ina betri ndani kama simu!

Ofisi yetu ina kompyuta moja, inayotuma takwimu za mvua kwa wenzetu Moshi mjini. Juzi ilianza kutuma faili la mwaka mzima, jana likakatika katikati. Nina programu yangu, niliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ya kuchunguza mkatiko kama huo. Inatumia maktaba, yaani msimbo uliokwisha andikwa na wajuzi, kuiuliza ruta: upo hewani? umewaka tangu lini? Ruta hujibu bila makuu, ina adabu kuliko bosi. Leo asubuhi, mara tulipofika kazini, ilijibu, programu ikapiga hesabu na kuchapa: jana ruta ilizimwa, ikawaka tena saa 10:04.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kompyuta inahesabu saa za Kizungu. Hiyo ni saa nne asubuhi. Mimi kwa mbwembwe zangu niliweka neno "saa" mbele ili programu ionekane inajua Kiswahili.

Injinia akasoma saa kumi.

Saa kumi jioni tumeshaondoka, anabaki mzee Aloyce, mlinzi. Basi kesi ikaisha: mzee alichomoa ruta achaji simu yake. Barua ya kumfukuza atapewa kesho.

Leo saa nne nimemwona Injinia mwenyewe, kwa macho yangu, anachomoa ruta na kuchomeka birika la umeme. Anatengeneza chai. Anapiga mluzi. Eti ruta ina betri!

Nami nikanyamaza, kwa sababu nipo kwenye majaribio na ni yeye atakayesaini ajira yangu.

Mchana mzee Aloyce alinifuata. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine yako inasemaje?"

"Bado naangalia, mzee."

Akasema nisiharakishe, niangalie vizuri. Ananiamini.

Nimemdharau Injinia ukurasa mzima huu. Lakini yeye hajui alichofanya. Mimi najua, na nimemdanganya mzee wa watu usoni.

Kesho, kabla barua haijatoka, nitasema ni nani aliyechomoa. Ajira ikitaka kwenda, iende.