Dua Iliyopeperusha Kioo

Dada Mwanahamisi, shikamoo. Naomba Mungu kadi hii iwakute wazima hapo Kwamndolwa, na mahindi yamepata mvua.

Huku Uholanzi baridi inauma, lakini kinachoniuma zaidi ni pumzi yangu mwenyewe. Jana Rehema alinipeleka kazini kwake. Mwanetu anabuni vioo vidogo kuliko punje ya ulezi, vya kugeukageuka ndani ya kamera nyembamba inayoingizwa kooni kwa mgonjwa. Akanionyesha kimoja kwenye hadubini.

"Mama, hiki ndicho cha kwanza kukubali kugeuka."

Dada, moyo ulijaa. Nikashusha barakoa niliyovalishwa mlangoni, nikasoma Fatiha, nikakipulizia, kama tulivyompulizia yeye utosini alipougua degedege kule Kang'ata. Kioo kikaruka, hakikuonekana tena. Wafanyakazi wenzake Rehema wote wakapiga magoti sakafuni kutafuta.

Rehema akasema, "Dua imepokelewa, mama, ila imeondoka na kioo."

Alicheka, lakini macho yalikuwa yamelowa. Leo ameanza upya, nami nimeachwa nyumbani.

Mwombee wewe, dada yangu. Wewe uko mbali, puliza utakavyo.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Rehema