Mvua Isiyo na Chumvi

Kaka Makokha,

Mama bado ananyeshewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniua, na kwa sababu wewe ndiye uliyelianzisha.

Tulikuzika hapa Navakholo. Nasema tulikuzika, lakini hukuwapo. Tuliambiwa wimbi lilipita juu ya meli mkiteremsha vipimajoto baharini, likakuchukua, wakakutafuta mpaka wakakata tamaa. Basi wazee wakafanya kama inavyofanywa kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Walikata mgomba, wakauvika shuka na lile koti lako la Nairobi, wakauzika kando ya nyumba ya Baba. Niliulilia ule mgomba, Kaka. Nililia mpaka sauti ikakauka, huku nikiona haya.

Mama hakutoka jikoni. Walimbembeleza aje atupe udongo, hata konzi moja tu. Akawajibu, "Mimi sikuzaa ndizi."

Wewe na elimu yako! Wenzako waliorudi na digrii baada ya Uhuru walikalia viti vya Wazungu, wakanenepa. Wewe ulipewa meza nzuri, ukaiacha, ukaenda kupima joto la bahari, mtu wa Navakholo asiyejua hata kuogelea. Watu wa hapa walipokuletea watoto wenye malaria, kwa kuwa walisikia umekuwa daktari, ulicheka ukasema udaktari wako ni wa vitabu, wewe unatafuta mvua inakotoka tu.

Na likizo ile ya mwisho ukamweleza Mama. Ulibandika sufuria ya maji ya chumvi, ukaifunika, kisha ukamwonyesha matone chini ya kifuniko. Ukasema bahari ikipata joto maji hupanda, upepo huyabeba, na mengine hufika mpaka kwenye mahindi yake. Alifurahi sana. Ulipofika pale pa kusema chumvi hubaki chini, alikuwa ameshatoka kufukuza kuku. Mimi peke yangu ndiye niliyekusikia.

Sasa masika yameanza. Kila alasiri, mvua ikishuka, anatoka kichwa wazi, anakinga kiganja, anaramba. "Haina chumvi," ananiambia. "Bado hajafika." Nikimpelekea mwavuli anausukuma. Anakohoa, Kaka, kifua chake kinalia usiku kucha. Nimeomba ruhusa shuleni ninakofundisha, Amalemba, nije nimwangalie, na kweli, kazi yangu imekuwa kumwangalia tu.

Juzi aliniuliza, "Wewe umesoma. Kitu ya baharini inapandanga juu ama haipandangi?" Mimi mwalimu, nikainuka kuchochea moto. Ningesema maji hupanda, angeendelea kunyeshewa. Ningesema chumvi haipandi, ningekuwa nimekuua mara ya pili.

Basi jana nikafanya jambo la kipumbavu. Kabla hajaamka kutoka usingizi wa mchana nilikoroga chumvi kidogo kwenye ndoo iliyokinga maji ya paa, nikamwita aonje. Nilifikiri akikupata atalia, atatupa udongo wake, ataingia ndani akauke.

Alionja. Akaonja tena. Macho yake yaliponiangalia nilitamani ardhi ipasuke.

"Hii ni chumvi ya jikoni yangu," alisema. "Usinidanganye. Makokha hakuwa ananidanganyanga."

Kisha mvua ikaanza, akatoka.

Kaka, mimi nimeshindwa. Ulijua bahari inapumua vipi, lakini hukunifundisha la kumfanyia mama aliye mvuani. Lala pale ulipo, kama huko kuna kulala. Nakuahidi hili moja: leo akitoka nitatoka naye, kichwa wazi kama yeye, na nitamwambia ile sehemu ambayo hakuisikia. Nitamwambia ni wewe uliyeisema. Atakaa mvuani au ataingia, sijui, lakini nitamshika mkono.

Kwaheri, mwana wa mama yangu. Wingu limeshafika mahindini, naye anafungua mlango.

Dada yako,
Nekesa