Bi Mkubwa Hakohoi

Jumatatu, 3 Juni

Watoto wa nguruwe bado wanakohoa. Ukiingia bandani asubuhi utadhani ni wazee wanasubiri pensheni. Daktari wa mifugo kaja, katoa magunia yote niliyozibia madirisha. Eti harufu ya mkojo ikifungiwa ndani inawachoma mapafu, bakteria wanapata pa kuingilia. Na mimi nilikuwa nawakinga baridi! Haya. Lakini wakati wa sindano niliwashika mimi, wote, hakuna aliyeponyoka. Daktari kasema nina mikono ya koleo. Shangazi kaongeza: na kichwa cha nyundo. Huyu mama ananipenda mno.

Jumatano, 5 Juni

Wanakula vizuri, lakini kikohozi kiko palepale. Daktari anashuku kuna nguruwe mkubwa anayewaambukiza. Kachukua ute kooni mwa wakubwa kwa pamba. Wengine niliwashika kwa kamba, jasho linanitoka. Bi Mkubwa, mama yao hao watoto, hakuhitaji kamba. Shangazi alimkuna nyuma ya sikio tu, akaachama mwenyewe kama mtu aliyeenda kung'olewa jino.

Huyu kalelewa kwa chupa, jikoni kwetu, mama yake alipokufa. Mpaka leo anamfuata Shangazi uani. Nimemwambia Shangazi wana mwendo mmoja. Mwiko ukapita karibu na sikio.

Jumamosi, 8 Juni

Majibu yametoka. Ni Bi Mkubwa.

Hakohoi, hapigi chafya, kanona — na koo limejaa bakteria. Daktari anasema yeye kashawazoea, hawamsumbui. Ila akiwanusa watoto wake tu, kashawagawia. Akibaki bandani, sindano zote ni kutwanga maji kwenye kinu. Ama auzwe kwa mchinjaji, ama akae peke yake, mbali nao, atibiwe mpaka vipimo viwe safi. Pawe na kuta, saruji chini, na dirisha.

Shangazi kamwuliza: mbali wapi, daktari wangu? Kiwanja chenyewe kama leso.

Daktari akatazama ng'ambo ya ua. Mimi nikatazama viatu vyangu. Chumba cha namna hiyo kipo kimoja tu. Changu. Mlango wangu, kufuli langu! Rafiki zangu wote bado wanalala na wadogo zao, wanakojolewa.

Shangazi hakuniomba. Kampigia simu mchinjaji. Jioni kapakua chakula cha mtu mmoja, kanipa mimi.

Jumatatu, 10 Juni

Shangazi kasema basi, ni nguruwe tu. Kasema hivyo huku anamwosha kwa sabuni yake mwenyewe ya kuogea. Nikamwuliza, anakwenda harusini? Hakurusha mwiko. Hata kunitukana hakunitukana. Hapo ndipo siku yangu ilipoharibika.

Gari la mchinjaji liko getini, linapiga honi. Nimemwambia asubiri, kuna maandalizi. Maandalizi gani? Nikamwambia mambo ya wakubwa.

Naandika nimekaa chini chumbani kwangu, maana godoro limekwama mlangoni na siwezi kutoka. Picha za wachezaji nimeziacha ukutani, Bi Mkubwa atazitazama akichoka. Shangazi yuko upande wa pili, anauliza: we kichwa ngumu, unafanya nini na hilo godoro? Nimemwambia avute, asiulize.

Havuti. Kaliegemea tu, nasikia anavyopumua. Honi tena. Shangazi, vuta —