Ng'ombe wa Pembe Iliyopinda

Oslo, Norwe
20 Januari 1974

Kaka Ondieki,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Mimi ni mzima isipokuwa kichwa. Mguu wa mama unaendeleaje? Na majani chai?

Kaka, hii lugha ya kompyuta inanitesa. Inaitwa Simula, ni ya kuamrisha mashine, na imejaa vialama vinavyofanana kama mapacha. Nikiandika := nimenakili thamani, kila jina linabaki na chake. Nikiandika :- sijanakili kitu, nimefunga jina jingine kwenye kitu kile kile. Alama = inauliza kama vitu viwili vinalingana. Alama == inauliza kama ni kitu kimoja chenye majina mawili. Nazichanganya zote. Natoboa kadi za kulisha mashine siku nzima, kesho yake narudishiwa karatasi ya makosa, na mwalimu ananiambia nifikiri, kana kwamba nimekuwa nikilala. Mtihani ni mwezi wa tatu. Nimechoka kabisa.

Mdogo wako,
Walter Obwocha

Nyamache
24 Februari 1974

Mdogo wangu Walter,

Barua tumeipata, tukamshukuru Mungu. Mguu wa mama bado, lakini Sabato hakosi kanisani. Majani chai yapo.

Hayo ya nukta sijaelewa hata moja. Wewe una mashine, mimi nina mzee Nyamongo. Amekubali nimwoe binti yake Nyanchera, ila anataka ng'ombe sita waingie bomani kwake siku moja, maana mchumba wa kwanza alimletea ahadi tupu. Wanne wako hapa nyumbani. Wa tano ni yule mweusi ambaye marehemu baba alimwacha kwa mjomba Mogire kule Masimba, mjomba amfuge na kunywa maziwa. Mama ndiye amenikumbusha. Wa sita, mjomba mwenyewe ametuma salamu kwamba ataniletea yule wa pembe iliyopinda. Mzee ana roho nzuri.

Siku ni Jumapili, tarehe 7 Aprili. Akipungua mmoja nimemkosa Nyanchera, kwa sababu kuna mwenye duka anayemtaka pia na ng'ombe anao tayari. Wewe ulikuwa ukikaa kwa mjomba kila likizo, unawajua ng'ombe wake. Niombee.

Kaka yako,
Ondieki

Oslo
2 Aprili 1974

Kaka mpendwa,

Hamjambo nyote? Mimi leo sijambo kweli kweli. Nimefaulu.

Na ni wewe uliyenisaidia. Barua yako ilifika mwanzoni mwa Machi, wiki moja kabla ya mtihani. Niliposoma habari ya ng'ombe nilicheka peke yangu chumbani. Kaka, yule mweusi ndiye huyo huyo wa pembe iliyopinda. Nimemkamua kwa mikono yangu. Mama anamtaja kwa rangi, mjomba anamtaja kwa pembe, ng'ombe ni mmoja. Hiyo ndiyo == niliyokuwa nikilia nayo. Alama zote ziliniingia saa hiyo, baada ya kusumbuka miezi yote hiyo.

Nilitaka kukuandikia papo hapo, lakini ukaja mtihani, kisha tukangoja matokeo. Basi tafuta mwingine kabla ya siku yenu. Msalimie shemeji Nyanchera.

Mdogo wako,
Walter

Nyamache
28 Aprili 1974

Walter,

Sisi ni wazima. Mama anakupongeza.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tano. Tarehe saba tulikuwa kwa Nyamongo, mimi na wazee wetu, na mjomba akaja na ng'ombe mmoja, mweusi, pembe imepinda. Nikamwuliza, na mwingine? Akasema, mwingine yupi? Huyu ni wa baba yenu, nimemrudisha. Wazee walinitazama nikakosa pa kuweka uso. Nyamongo hakugombana na mtu. Alitupa chakula, tukala, tukawaswaga ng'ombe wetu kurudi. Nyanchera ameolewa na yule wa duka.

Ningeenda Masimba kuangalia, najua, sikwenda. Lakini wewe ulijua tangu mwanzoni mwa Machi. Telegramu ya maneno matatu ingetosha. Dada Kemuma kule Nyamira alikuwa na ng'ombe mtamba, angenipa, amesema hivyo huku analia. Wewe ulinielewa siku ile ile, ukacheka, ukaenda kufanya mtihani wako.

Barua za mama uzitume kwa mwalimu Loice, yeye atamsomea.

Ondieki