Mvua Ilikuwa Yangu, Chepkoech

Dada yangu Chepkoech,

Sikuandikii kwa sababu ya upweke tu. Upweke upo, lakini aki bado nakuonea wivu, na nimechoka kujifanya wivu huo umeisha eti kwa sababu umekufa.

Mwaka umepita tangu ile nimonia ikuchukue. Nimeingia chuo kikuu ulichosoma wewe, kozi ileile yako, sayansi ya angahewa. Wiki ya kwanza mhadhiri alituuliza maana ya majina yetu. Nikasema Cherop ni msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Darasa zima likapiga makofi. Nilifurahi, wacha tu! Halafu akauliza, "Kwani wewe ni mdogo wake Chepkoech?" Basi, ikaishia hapo.

Jina la mvua nilipewa mimi. Wewe ulizaliwa alfajiri ukaitwa hivyo, si ungebaki na alfajiri yako? Lakini ni wewe Baba alinunulia kipima mvua, akakisimika upande wa juu wa shamba letu la chai hapo Kimulot. Kila siku saa tatu asubuhi mlikuwa pale wawili, mnasoma milimita, mnacheka. Nikisogea unaniambia, "Cherop, usiguse."

Niligusa. Ile Januari ya kiangazi, manyunyu yalipita usiku, na asubuhi kabla hujaenda kusoma kipimo nikaongeza kikombe cha maji ndani yake. Nilitaka tu Baba akuone mjinga. Ulisoma, ukasoma tena, ukamwambia Baba mvua imetosha kuweka mbolea. Akaweka mbolea shamba lote. Jua likawaka wiki tatu, mbolea ikaharibika, na Baba hakukusemesha vizuri hadi Pasaka. Ulikaa jikoni na daftari lako ukitafuta ulipokosea, na mimi niko hapo hapo, nakunywa chai. Nisamehe. Nisamehe, dada.

Jana nilimpigia Baba simu. Akaniambia kwa ile sauti yake ya kujivuna, "Chepkoech alikosea mara moja tu maisha yake yote."

Hiyo moja ni yangu. Nikimwambia, utakuwa hujawahi kukosea hata kidogo, na mimi nitakuwa nani hapo nyumbani? Hilo ndilo linaniuma, si hasira ya Baba. Ona vile nilivyo, hata kuondolewa kosa nakunyima!

Lala salama, dada. Jumamosi nafika nyumbani, na nitamwambia Baba kabla sijavua viatu. Uchukue na sifa hiyo pia, ya kutokosea kamwe.

Mdogo wako,
Cherop