Bega la Mama kwa Wino

Jumatatu, 3 Februari 2025

Arobaini ya Fundi Taib imepita. Nimekwenda mtaa wa Ndia Kuu kumsaidia bintiye, Sauda, kuondoa vitu dukani. Cherehani imeshachukuliwa. Kabatini mna mabunda mawili ya karatasi — wateja wake wote! Inchi aliziandika daftarini, lakini mwili aliuchora kwa wino. Hauna uso wala jina. Inchi hazijui mtu asimamavyo, alikuwa akiniambia zamani, nimeketi chini ya meza mama akipimwa. Mstari mmoja, kichwa hadi kisigino. Palipo uzito, kalamu aliikandamiza.

Nikafungua bunda la kwanza. Mwanamke, mkono kiunoni, shingo imelala kulia — mkewe fundi, mamake Sauda! Nikacheka peke yangu. Sauda alikuwa jikoni. Nikageuza, namtafuta mamangu. Hamna.

Jumatano, 5 Februari

Sauda anazichoma karatasi. Asema haya ni maumbo ya wake za watu, na nyumba imeuzwa, amwachie nani? Siwezi kumlaumu. Bunda la kwanza lilikuwa jivu uani nilipofika. La pili nimeliomba hadi Ijumaa. Marehemu mamangu aliacha picha ya kitambulisho tu — amekaza macho, si yeye kabisa. Nataka nimwone amesimama.

Ijumaa, 7 Februari

Nimempata! Karibu na mwisho. Bega la kushoto limeshuka — ndoo za samaki alizobeba bandarini Liwatoni, miaka yote ile — na wino umekolea papo hapo. Nimelia, sioni haya.

Sauda hakuamini. Wamjuaje, naye hana uso? Nikasimama mbele yake, bega la kushoto chini. Akanitazama, akatazama karatasi, akanitazama tena. Haya, Mbeyu, chukua, ni mamako huyo.

Kiberiti akakitia mfukoni. Akauliza, taratibu: na mamangu, baba hakumchora? Alipenda kusimama mkono kiunoni, wamkumbuka?

Namkumbuka. Jumatatu nilimshika mkononi, katika bunda la kwanza.

Sasa ameketi sakafuni, anageuza moja moja, aniuliza. Huyu? Siye. Na huyu? Mchoro wangu umo mkobani, ningeweza kwenda zangu. Naandika hapa mlangoni nisimtazame. Zimebaki karatasi kumi hivi, naye amepunguza mwendo.