Sindano Saba

Jumapili, 2 Machi
Leo nimesimama kanisani nikatoa ushuhuda: macho yangu yamepona. Jana kutwa niliona vizuri, hata maandishi madogo kwenye chupa ya dawa, nikajua ndiyo muujiza wenyewe. Vigelegele! Mchungaji kaniinua mkono juu kama bondia aliyeshinda.

Jumatatu, 3 Machi
Ukungu umerudi. Jicho la kulia lote, la kushoto nusu. Nimekaa mbele ya cherehani dakika ishirini napapasa tundu la sindano. Sijamwambia mtu. Nitaanzaje?

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu wa kwaya kaja na majora matatu ya kitambaa. Majoho ishirini na mawili, yawe tayari Jumapili ya tarehe kumi na sita. Anasema walikuwa wampe fundi mwingine, ila kama Bwana kanirudishia macho, wao ni nani waninyime kazi. Nimecheka naye. Ni kama nimejifungia ndani na ufunguo nimeumeza.

Alhamisi, 6 Machi
Mashine naiendesha kwa mazoea. Pindo na vifungo ndiyo balaa — ni kwa mkono, na uzi ukiisha naanza kupapasa upya. Nimejidunga mara sita. Nimemwomba Mungu aniponye kweli, hata wiki mbili tu, nisiaibike. Ukungu uko palepale. Nimemkasirikia. Naliandika na hilo, nisijidanganye tena.

Ijumaa, 7 Machi
Ajabu. Asubuhi nimekuta sindano saba zimechomekwa kwenye sponji yangu, zote zimetungwa uzi na kupigwa fundo. Si mimi. Mume wangu yuko safarini kikazi. Humu ndani tuko mimi na mama mkwe tu — Kamanda, yule anayesema chai yangu ni maji ya kusuuzia vikombe. Alikuwa anakunja nguo, hata hakunitazama.

Jumatatu, 10 Machi
Saba tena. Zimeisha jioni, pamoja na pindo la mwisho la leo. Naomba macho, naletewa sindano. Kama hii ndiyo neema, mbona ndogo hivi? Lakini nimeshona.

Jumatano, 12 Machi
Nimemfuma Kamanda. Kasimama dirishani, miwani puani, ulimi nje, anatunga. Nikamuuliza, mama, umejua tangu lini? Kasema tangu Jumatatu ile nilipomtilia chumvi kwenye chai. Kumbe aliinywa yote! Nimelia. Kaniambia nisimlowanishie mtu joho.

Ijumaa, 14 Machi
Majoho kumi na tisa. Mchungaji kapita. Anasema Jumapili kutakuwa na wageni, nirudie ushuhuda, majoho yawe ushahidi. Nimesema sawa. Mdomo huu! Kuna mama mmoja mwanawe anaumwa. Tangu ule ushuhuda wangu mama huyo ameacha kulia, anangoja muujiza wake. Yeye nitamwambia nini? Naogopa kusema, naogopa kunyamaza.

Jumapili, 16 Machi
Naandika kanisani, herufi kubwa kama za chekechea. Watadhani naandika pointi za mahubiri. Majoho yote yako mbele, nayaona doa moja la bluu. Nimemnong'oneza Kamanda: mama, nikisema ukweli leo je? Kanijibu, sema utakalosema, sindano za kesho nimeshazitunga.
Mchungaji ananiita: fundi wetu! Mikrofoni inapitishwa mkono kwa mkono. Sisi tuko safu ya sita. Siioni. Kamanda ananihesabia sikioni — ya tatu. Ya nne. Ya tano.